Nani Kala Chakula cha Kombo?

Hapo juzi juzi, wala si zamani, palikuwa na nchi moja ambayo jina lake sitalitaja, kwa sababu mimi ni mtu wa kusahausahau na pia nina watoto wa kulea. Msinisumbue kuniuliza ni ipi. Nyie semeni tu iko mbali, na mwenye kuijua ataijua.

Nchi hiyo ilikuwa na sifa moja iliyoifanya ialikwe kwenye mikutano mingi ya heshima: hakuna mtu aliyewahi kufia mikononi mwa polisi. Hata mmoja! Siri yenyewe ilikuwa nyepesi. Bunge lilipitisha sheria kwamba ni marufuku kufia mahabusu, na kwa kuwa ni marufuku, basi haiwezekani. Kila kituo kilikuwa na fomu za kila aina, ya kuingia, ya kuhamishwa, ya kuugua mafua, lakini ya kutoka ilikuwa moja tu, nayo iliitwa Fomu ya Kutoka Hai. Ya kutoka vinginevyo haikuchapishwa, maana kuchapisha fomu ya jambo lisilokuwepo ni kuupotosha umma.

Basi katika nchi hiyo aliishi Bi Mwatima, mjane, pamoja na mwanawe wa pekee, Kombo Faki, fundi viatu wa sokoni. Kombo alikuwa na miaka ishirini na tisa, mikono mizuri, na maradhi mawili. La kwanza ni vidonda vya tumbo, vilivyomlaza hospitali akiwa na miaka kumi na miwili na kumfanya asiguse pilipili tangu siku hiyo. La pili ni kicheko. Kombo akichekeshwa hakujua kujizuia, na mama yake alishamfinya sana kwenye hitima za watu.

Jumatatu moja asubuhi, Waziri wa Utulivu alikuja sokoni kuzindua bomba la maji. Utepe ukakatwa, matarumbeta yakapulizwa, Waziri akahutubia saa mbili nzima jinsi serikali ilivyoyasukuma maji kwa upendo kutoka mlimani. Kisha akafungua koki. Koki ikakohoa, ikatoa hewa, ikatoa mende mmoja, ikanyamaza.

"Naam, ndugu wananchi," akasema Waziri huku ameinua glasi tupu, "mnayaona maji hayo!"

Viongozi wote wakapiga makofi. Mkuu wa Wilaya akajifuta uso kwa leso, eti amerukiwa na matone. Kombo akacheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na watu waliokuwa karibu naye wakaanza kusogea pembeni mmoja mmoja. Askari wanne wakamzoa, kiatu cha mteja bado kiko mkononi, wakampeleka kituoni kwa Mrakibu Bungala. Kosa likaandikwa: kucheka kinyume na hotuba.

* * *

Jumanne saa saba mchana Bi Mwatima akafika kituoni na hotpoti ya wali wa nazi na bamia. Pale mapokezi alikaa Koplo Sijaona, mtu mnene, mwenye macho ya usingizi na mkanda uliobakiza tundu moja.

"Onja, mama," akasema.

Huo ndio ulikuwa utaratibu. Anayeleta chakula cha mahabusu sharti aonje mbele ya askari, isije ikawa ametia sumu. Bi Mwatima akala matonge mawili. Koplo akatazama saa yake, akahesabu mpaka mia kimoyomoyo, akaona mama wa watu bado amesimama, akaandika kwenye daftari: Mleta chakula ameonja. Hajafa.

"Afande, siwezi kumwona mwanangu japo kwa mbali?"

"Haonekani. Yuko kwenye mahojiano."

"Lakini mzima?"

"Chombo kikirudi kitupu, ujue mzima."

Baada ya nusu saa hotpoti ikarudi, haina hata punje. Bi Mwatima akaenda nyumbani mbio kumwambia jirani yake, Somoe, muuza vitumbua mwenye mdomo ambao mtaa mzima uliuogopa. "Kala chote, Somoe! Mtu aliyepigwa anaweza kula vile? Kala chote mwanangu!" Somoe akasema alhamdulillahi, ingawa uso wake haukusema hivyo.

Jumatano hotpoti ilirudi na salamu. "Anasema wali umekolea nazi," akasema Koplo Sijaona, na Bi Mwatima nusura amkumbatie. Usiku huo alilala kwa mara ya kwanza tangu Jumapili. Alhamisi salamu zikawa, "Anaomba samaki asiye na miba mingi." Mama akazunguka soko zima, akapata kipande kizuri cha nguru, akakipika kwa mikono miwili. Na hicho kikaliwa. Nasema kikaliwa kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Ijumaa Koplo akamrudishia chombo huku anajichokoa meno.

"Kesho utie pilipili, mama. Pilipili mbuzi, za kutosha."

Bi Mwatima akakishika kile chombo kwa nguvu. "Nani kasema?"

"Mwanao."

"Kombo?"

"Kwani una mwingine humu?"

"Kombo hali pilipili, afande. Hata mkono uliokata pilipili alikuwa haushiki." Akasogea mpaka pua yake ikakaribia kugusa kaunta. "Nani anakula chakula cha mwanangu?"

Koplo Sijaona akafungua daftari, akalifunga, akalifungua tena. Hakukuwa na ukurasa wa swali hilo. Bi Mwatima hakupiga yowe. Alitoka, akakaa chini kwenye ngazi ya kituo, akaiweka hotpoti mapajani, akasema haondoki pale mpaka amwone mwanawe, akiwa anapumua au hapumui.

* * *

Somoe aliposikia, hakuuliza mara mbili. Alichukua karai lake la vitumbua likiwa tupu, akapita mlango kwa mlango, na kufikia alasiri wanawake sitini walikuwa mbele ya kituo wakigonga masufuria. "Nani kala?" wakaimba. "Nani kala?" Kesho yake walikuja na waume zao. Keshokutwa wakaja wanafunzi wa chuo, wapiga debe, wauza mitumba, na masheikh wawili na padri mmoja, kila mtu na chombo chake kitupu. Mji mzima ukawa unauliza swali moja.

Mrakibu Bungala alikuwa mtu wa maneno mazuri. Jumamosi alitoka barazani akatoa tamko kwamba mahabusu Kombo Faki ni mzima, mchangamfu, na hamu yake ya kula ni ya kupigiwa mfano. Ushahidi? Vyombo vinarudi vitupu. Akatabasamu, akarudi ndani.

Jumatatu akatoka tena, safari hii bila tabasamu. "Tunasikitika kuujulisha umma," akasoma, "kwamba siku ya Ijumaa, mara baada ya mlo, marehemu, kabla hajawa marehemu, alitolewa nje ya mlango wa seli kwa hatua nne, na huko nje, kwa hiari yake mwenyewe, akafariki. Napenda kusisitiza hizo hatua nne."

Daktari wa serikali naye akaleta ripoti. Ilisema kifo kilitokana na kuacha kuishi, kulikochochewa na chakula cha nyumbani. Kuhusu michubuko mgongoni, ripoti ilieleza kuwa inalingana na mtu mwenye tabia ya kuegemea kuta. Jamani! Mtu alikaa kitini, akavaa miwani yake, akayaandika hayo, akapiga na mhuri.

Bi Mwatima akaenda chumba cha maiti kuomba apewe mwanawe amzike. Akaambiwa maiti ile sasa ni kielelezo namba moja cha kesi, na kielelezo hakizikwi. Mhudumu, kwa huruma yake, akamruhusu aone miguu tu, kwa sababu miguu haikutajwa kwenye amri. Nyayo zilikuwa zimevimba na kupasuka, kila moja, kuanzia kisigino mpaka vidoleni. Bi Mwatima akaishika ile miguu. Alikaa nayo hivyo mpaka mhudumu akamwambia imetosha, mama.

* * *

Mashtaka yakaanza, na serikali ile ikishaanza kushtaki haijui kuchoka. Watu mia tatu na kumi na wawili walifikishwa mahakamani kwa kosa la kubeba chombo kitupu kwa nia ya kuiaibisha serikali. Somoe alikuwa wa kwanza.

"Karai lako lilikuwa na nini ndani?" akauliza hakimu.

"Halikuwa na kitu, mheshimiwa."

"Kwa hiyo unakiri."

Akapewa miezi mitatu. Mama lishe mmoja aliyepita njia na sufuria yenye maharage nusu alishtakiwa kwa nusu ya kosa na kufungwa nusu ya muda. Likatoka tangazo kwamba kuanzia siku hiyo ni marufuku kutembea na chombo bila kitu ndani, na askari wakasambazwa mitaani kufunua mifuniko. Watu wakaenda kununua sufuria mpya dukani na jani la kabichi mfukoni, walitie ndani kabla hawajatoka.

Na shtaka kubwa kupita yote likamwangukia Bi Mwatima. Kumuua Kombo Faki kwa wali, bamia na samaki. Hawakumtia ndani, kwani Mrakibu Bungala alieleza kwamba vyumba vyote vimejaa masufuria.

Siku ya kumi na mbili tangu kukamatwa kwa Kombo, wakili wa serikali alimfuata Bi Mwatima nyumbani. Kijana safi, mwenye sauti ya kubembeleza.

"Shikamoo, mama. Mimi nimekuja kama mwanao." Bi Mwatima hakuitikia. "Hii kesi inaweza kuisha leo. Ukiri kosa dogo tu, upishi wa kizembe. Useme samaki alichacha. Rais atakusamehe, na alasiri hii hii unakabidhiwa maiti yako, unazika."

Alitamani kukubali. Sitawadanganya, alitamani kweli. Jokofu la chumba cha maiti lilikuwa linazimika mchana na kuwaka likijisikia, na kila asubuhi mhudumu alikuwa akimwangalia kwa jicho la kumwambia afanye haraka. Neno moja tu, naye angemwosha mwanawe, angemvisha sanda, angempumzisha. Neno lilifika mpaka kwenye ulimi.

"Samaki wangu hakuchacha," akasema.

"Mama, ni maneno tu."

"Mwanangu mmemuua nyie, baba. Sasa mnataka nimuue tena mimi, kwa mdomo wangu? Ondoka. Ondoka kabla sijakumwagia haya maji ya kuoshea vyombo." Kijana safi akaondoka upesi, kwa sababu suti ilikuwa mpya.

* * *

Kesi ilisikilizwa katika ukumbi uliojaa mpaka madirishani. Serikali ilikuwa na tatizo moja dogo: chakula kinachodaiwa kuua kilikuwa kimekwisha kuliwa, kwa hiyo hakukuwa na kielelezo. Mahakama ikaamuru mshtakiwa apike kingine kilekile, akilete, shahidi akitambue. Bi Mwatima akapika. Akaweka hotpoti mezani mbele ya hakimu, akaonja bila kuambiwa, kwa sababu alishazoea.

Koplo Sijaona akapanda kizimbani. Alieleza vizuri sana, kama alivyofundishwa, kwamba yeye alikuwa akipokea chombo, anakipeleka seli, marehemu anakula chote, anashukuru, na Ijumaa akala, akashukuru, akafa.

"Tazama chakula kilicho mbele yako," akasema wakili wa serikali. "Unakitambua?"

Aliambiwa atazame. Lakini ilikuwa saa saba mchana, mfuniko umefunuliwa, mvuke wa nazi unampiga usoni, na mkono wa yule mtu ulikuwa na mazoea yake. Kabla wakili hajafunga mdomo, Koplo alishatia tonge, na la pili, na kipande cha samaki juu yake. Akatafuna. Akatikisa kichwa kama fundi anayekagua kazi.

"Hapana, mheshimiwa. Huyu si yule nguru wa Alhamisi. Yule alikuwa na mafuta."

Wakili wa serikali akafumba macho.

Bi Mwatima akasimama. Hakuwa na wakili, kwa sababu wote walikuwa wameugua wiki ile. "Na wa Jumanne?" akauliza taratibu.

"Jumanne haikuwa samaki, ilikuwa ba..." Hapo Koplo akagundua. Jasho likamtoka, likateremka mpaka kwenye kola.

"Koplo. Mwanangu alikula siku ngapi?"

Koplo akamtazama Mrakibu Bungala, ambaye alikuwa akiikagua dari. Akatazama hotpoti. Nadhani mtu yule hakuwa mbaya kuliko wenzake. Alikuwa na njaa tu na hakuwa na aibu. "Hata moja, mama," akasema. "Jumanne ulipokuja alikuwa ameshapoa. Tangu jana yake, alasiri. Afande aliniambia niendelee kupokea, watu wasishtuke. Na chakula kukimwaga ni dhambi."

Bi Mwatima akakumbuka zile safari zote za sokoni. Akakumbuka alivyofurahi kusikia wali umekolea, alivyolala usingizi mzuri Jumatano, akimshukuru Mungu kwa tumbo la Koplo Sijaona. Akatapika palepale, mbele ya bendera na picha ya Rais, akatapika mpaka hakuna kilichobaki. Karani akaandika: mshtakiwa ametapika bila ruhusa ya mahakama.

* * *

Hukumu ilitoka siku hiyohiyo, na magazeti yote ya nchi ile yaliisifu. Bi Mwatima akaachiwa huru, kwa kuwa imethibitika chakula chake hakina madhara. Koplo Sijaona alikuwa ushahidi tosha, kilo mia moja na nne. Koplo akafungwa miaka miwili kwa kula mlo wa mahabusu bila kibali cha maandishi. Mrakibu Bungala akapandishwa cheo kwa kufichua wizi wa wali. Kuhusu aliyempiga Kombo nyayo mpaka zikapasuka, hakimu alisema swali hilo halikuletwa mbele yake, na pia ni saa ya chai.

Waziri wa Utulivu akahutubia taifa. "Serikali hii," akanguruma, "haitamvumilia askari yeyote anayemnyang'anya raia tonge lake! Wamezoea kusema hatusikii. Tumesikia! Mliuliza nani kala, tumewajibu nani kala. Sasa rudini makwenu."

Na wengi walirudi. Hilo nalo liandikwe.

Siku ya kumi na tisa Bi Mwatima akaenda chumba cha maiti na jeneza la msikitini, vijana wa mtaa, masheikh wawili, na wanawake waliokuwa hawajafungwa. Mlangoni akawakuta Bungala na nyota zake mpya, ameshika karatasi.

"Pole, mama. Weka sahihi hapa, umchukue."

"Imeandikwa nini?"

"Fomu ya kawaida tu. Kwamba leo umempokea mahabusu Kombo Faki akiwa hai na mwenye afya njema, na huna malalamiko."

Waombolezaji wakaguna. Bi Mwatima akaisukuma ile karatasi. "Sina kalamu ya uongo huo," akasema. "Kama yuko hai, mwite. Atoke mwenyewe."

Sasa, hapo ndipo mnapotakiwa kuijua nchi ile. Mtu mwingine angeona haya, angeinama. Bungala alifikiri kidogo, akakumbuka kwamba kanuni kweli inasema mahabusu anayetolewa aitwe kwa jina mara tatu. Akasimama wima, akafungua mlango, akaita kuelekea ndani ya chumba cha maiti.

"Kombo Faki! Toka!"

Wakasubiri. Vijana walikuwa wameinama, wanalia. "Kombo Faki! Toka!" Mara ya tatu akakohoa kwanza, akaita vizuri. Kisha akaandika chini ya fomu: Ameitwa mara tatu. Amekaidi.

"Mmeona wenyewe," akasema. "Hawezi kuondoka leo."

Wanawake wakampita kushoto, vijana wakampita kulia, wakaingia wakamchukua mtu wao. Bungala alifuata jeneza mpaka barabarani akipunga karatasi, akiwaonya kwamba wanachokifanya hakina fomu. Kombo akaoshwa, akasaliwa, akazikwa kabla ya adhuhuri, na mama yake alikaa kaburini mpaka jua likageuka.

Lakini mahabusu aliyeondoka bila fomu, kisheria, ametoroka. Wiki ile ile picha za Kombo zikabandikwa sokoni, bandarini na kwenye vituo vyote vya mpaka: ANATAFUTWA, ni hatari, hucheka ovyo. Na kila mwanzo wa mwezi askari mmoja hutumwa kwa Bi Mwatima kuuliza kama mwanawe amerudi. Mwezi uliopita walimtuma mgeni, mpole, aliyesalimia vizuri. Hakumkuta mama nyumbani. Akaelekezwa makaburini, akamkuta amechuchumaa anang'oa magugu.

"Shikamoo, mama. Nimetumwa kuuliza. Kombo yupo?"

"Yupo."

Askari akatoa daftari haraka, akatazama huku na huku. "Wapi, mama?"

"Umemkanyaga."

Askari akatazama chini. Akasogeza buti hatua moja kushoto, akalamba ncha ya kalamu, akaandika: Hakuonekana.